Kiti cha Msindikizaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetungojesha mpaka soda zikapata joto, lakini umekuja mwenyewe wala hukutuma mwakilishi, na kwa hilo tumeshakusamehe. Mkurugenzi wa hospitali hii. Daktari wetu bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Madaktari wengine, wafamasia na watu wa maabara. Muuguzi wetu Mkuu wa kliniki, ambaye leo tunamuaga na ambaye tangu asubuhi anakimbia huku na huko kupanga viti kana kwamba sherehe ni ya mtu mwingine. Ndugu zangu wagonjwa. Ndugu zangu wasindikizaji. Na wewe mwanangu, mwalimu, uliyekaa safu ya tatu ukijifanya hunifahamu: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na asiye na cheo kwa utu wake.

Mimi ni fundi wa nguo na ni mjane. Nimeombwa kuzungumza kwa niaba ya familia zilizoshiriki katika ufuatiliaji huu wa dawa, unaofungwa leo baada ya miaka mingi. Nimeambiwa nitumie dakika kumi. Nimekubali, lakini ninyi nyote mmewahi kupeleka kitambaa kwa fundi mkaambiwa njooni Ijumaa, kwa hiyo mnajua ahadi za watu wa kazi yangu zinavyokuwa. Nivumilieni.

Daktari ametusomea matokeo, na amesoma vizuri, taratibu, kwa lugha ambayo hata sisi wa sindano na uzi tumeielewa. Amesema kwamba dawa hii ya kupunguza miondoko ya viungo vinavyocheza bila ridhaa ya mwenyewe imeonekana kuwa salama kwa matumizi ya muda mrefu, kwa walio wengi, endapo mgonjwa atafuatiliwa kwa karibu. Aliposema "salama" mlipiga makofi, na mlikuwa na haki ya kupiga. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani kwa sababu nilikuwa nimesikia "endapo". Naomba leo niseme juu ya hiyo "endapo", maana nimeishi ndani yake, na aisifuye mvua imemnyea.

Mume wangu wengi wenu mlimjua. Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bwana Mstari. Duka letu liko kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli, chumba kimoja, meza kubwa ya kukatia katikati, cherehani yangu dirishani ili nipate mwanga. Yeye alikata, mimi nikashona. Alikuwa akitandika kitambaa mezani, anakilaza kwa viganja viwili, anachora kwa chaki mara moja tu, kisha anapitisha mkasi kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuunyanyua. Wateja walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama. Na mdomo wake, ndugu zangu, ulikuwa mkali kuliko huo mkasi! Mtu akija na picha ya gauni aliyoikata gazetini, anamwambia, "Mama, gauni hili naliweza, ila mwili wa huyu dada wa kwenye picha siuuzi hapa." Mteja anacheka, anakasirika, anarudi mwezi ujao na kitambaa kingine.

Mama yake mzazi alikuwa amekufa akiwa anacheza mwili mzima. Majirani walisema ni pombe, na bibi yule hakuwahi kuionja maishani mwake. Kwa hiyo vidole vya mume wangu vilipoanza kugonga meza vyenyewe, yeye alikwishajua, nami nikajifanya sijui, na tukaendelea hivyo, watu wawili wazima kwenye chumba kimoja, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo ambalo wote wawili tunaliona. Vidole vikafuatwa na bega, bega likafuatwa na shingo. Chaki ikaanza kwenda upande. Nguo zikatoka na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mimi nikawa nazirekebisha kwenye cherehani kimyakimya, nikiongeza pindo hapa na kupunguza pale, mpaka siku mkasi ulipoingia katikati ya suti ya bwana harusi. Siku hiyo aliuweka mezani, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Bibie, twende hospitali. Mama alikuwa hanywi."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tukaja hapa.

Daktari, nakushukuru kwamba siku ile hukutudanganya. Ulituambia kwamba huu ni ugonjwa wa Huntington, kwamba unarithiwa, kwamba kila mtoto wa mgonjwa anasimama nusu kwa nusu, na kwamba dawa ya kuuponya haipo. Iliyopo, ulisema, ni dawa ya kutuliza ile miondoko, na hiyo nayo ina tabia zake: inaweza kumlaza mtu usingizi mchana, inaweza kumfanya mzito, inaweza kumtia huzuni nzito. Mume wangu akakuuliza, "Nitaweza kukata?" Ukasema, "Huenda." Akasema, "Basi nipe." Hakuuliza lingine. Ungemwambia dawa hiyo itamng'oa meno yote, angeuliza tu ameze kabla ya kula au baada.

Ndipo tukaingia kwenye ufuatiliaji huu, na ndipo tulipokutana na Muuguzi wetu.

Wageni waalikwa, ninyi ambao hamjawahi kukaa kwenye korido ile ya rangi ya kijani, hebu niwaeleze. Mgonjwa anaingia, anaambiwa atoe ulimi nje na aushikilie hapo. Jaribuni, mtaona ni rahisi. Kwa watu wetu ulimi unarudi ndani wenyewe kama panya. Anaambiwa agonganishe vidole, atembee juu ya mstari, afuate kalamu kwa macho. Anaulizwa kuhusu usingizi, kumeza, hasira, moyo wake ukoje. Yote hayo yanaandikwa, na hayo ndiyo yaliyozaa matokeo mliyoyapigia makofi. Lakini Muuguzi alikuwa na utaratibu wake mwingine. Baada ya vipimo alimtuma mgonjwa chumba cha pili kwenda kupimwa uzito, akafunga mlango, akamgeukia msindikizaji aliyebaki kwenye kiti kile cha chuma karibu na sinki, akauliza, "Haya. Nyumbani yukoje?"

Ukimjibu "Mzima," anasema, "Mzima ni salamu. Mimi nimekuuliza yukoje."

Wasindikizaji, mnacheka kwa sababu nanyi amewauliza! Wangapi hapa walitoka chumba kile wakisema mama huyu ni mbea? Nyoosheni mikono. Naona hata bwana mmoja wa kwenye safu ya madaktari amenyoosha.

Dawa ilifanya kazi. Lazima niliseme hili kwa sauti, mtu asitoke hapa akidhani nimekuja kuilaani. Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha, mume wangu alirudi mezani, akatandika kitambaa, akachora mara moja na kukata mpaka mwisho bila kuunyanyua mkasi. Kinyozi alifunga wembe akaja kutazama. Muuza vipuri akaja na mikono yake ya grisi, tukamfukuza asiguse kitu. Nililia, na yeye akanitazama, akasema tu, "Kitambaa kiko sawa." Kuanzia siku hiyo, sisi watu wa nguo tukafanya kosa la watu wa nguo: tukawa tunampima mtu kwa mshono wake. Kila asubuhi tulitazama kingo za vitambaa. Zikiwa zimenyooka, tukasema dawa inamfaa, anaendelea vizuri, Mungu mkubwa. Ndugu zake walikuja wakazishika zile kingo kwa vidole wakatikisa vichwa kwa furaha. Nani alifikiria kumtazama uso? Uso haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa umetulia.

Alikoma kuwatania wateja. Mama aliyekuja na picha ya gazeti alipewa gauni lake bila neno, akaniuliza mlangoni kama mzee ameokoka. Alikoma kubishana na redio. Nilidhani amekuwa mtu mzima. Kuna wanawake hapa ambao wangeshukuru waume zao wakinyamaza, nami kwa muda nilikuwa mmoja wao, nikafanya kazi kwa raha nikisikia mkasi tu na cherehani.

Kisha akaanza kugawa vitu.

Redio alimpa kinyozi. Koti lake la heshima, alilolikata mwenyewe na kulivaa sikukuu tu, akampa muuza vipuri, na lilimbana mabegani. Rula zake za mbao, ambazo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuzigusa, akazipeleka ng'ambo ya barabara kwa fundi mwenzetu, yule tuliyeshindana naye miaka yote na ambaye kwa mdomo wa mume wangu alikuwa anaitwa Fundi Panga. Nilipouliza, aliniambia vitu vimejaa, chumba ni kidogo. Mkasi hakumpa mtu.

Siku hizo hizo binti yetu, huyu mwalimu, alikuwa amechumbiwa. Baba yake alinunua sateni nyeupe mwenyewe, akachagua duka zima likamchoka, akaiweka kwenye kabati imefungwa kwa shuka. Akasema, gauni hili nitalikata mimi. Mtu yeyote asiliguse. Mtoto alifurahi, nami nilifurahi, na wifi zangu wakafurahi. Baba mgonjwa kumkatia binti yake gauni la harusi, nani asingefurahi?

Asubuhi ya kliniki iliyofuata, tukiwa tumesimama kituoni, akaniambia bila kunitazama, "Leo huyo mama akikuuliza, mwambie nipo sawa."

Nikamuuliza, "Uko sawa?"

"Mpaka gauni likatwe, nipo sawa."

"Na likishakatwa?"

Akatoa nauli mfukoni akaanza kuipanga, noti na noti, sarafu na sarafu, kwa vidole ambavyo havikutikisika hata kidogo. Nami pale pale, mbele ya watu, nikaunganisha vipande kama nguo: redio, koti, rula, ukimya. Nikaelewa kwamba katika dunia nzima mume wangu alikuwa amebakiza kazi moja, na kwamba akishaimaliza, aondoke.

Ndugu zangu, nataka mnielewe nilikuwa wapi. Nikisema, watampunguzia dawa, na Daktari alikwishatueleza hivyo. Dawa ikipungua, mikono itarudi kucheza, na gauni la mtoto wake wa pekee hatalikata. Nikinyamaza, atalikata, na litakuwa zuri kuliko yote aliyowahi kukata, kisha nitampoteza. Na mbele yangu alikuwa mtu niliyemwapia kumtii na kumsitiri, ananiomba jambo moja dogo, neno moja, "mzima". Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alitoa ulimi, akaushikilia. Alitembea juu ya mstari kama askari. Daktari alimsifu, na kwa haki, maana vipimo vyote vilisema dawa inafanya kazi. Moyo? Akasema moyo wake mweupe. Muuguzi akamtuma chumba cha pili kupimwa uzito, na alipofika mlangoni mume wangu aligeuka, akanitazama. Mlango ukafungwa. Muuguzi akasema, "Haya. Nyumbani yukoje?"

Nikasema.

Nilisema yote, na nilisema vibaya, nikirukaruka, nikianzia kwenye koti na kurudi kwenye redio, nikilia puani. Muuguzi hakuandika. Aliweka kalamu chini, akanishika magoti yote mawili, akaniambia, "Umefanya vizuri kuja na hili leo." Kisha akatoka kumwita Daktari, akabaki na sisi mpaka mwisho, na wagonjwa wa korido wakamngoja bila kunung'unika, kwa sababu walijua mlango ule ukichelewa kufunguka kuna mtu anashikiliwa.

Daktari alimuuliza mume wangu waziwazi, kwa heshima, kama anafikiria kujiondoa duniani. Mume wangu hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi. Akasema, "Umeniuza, bibie." Halafu akainamisha kichwa, akasema ndiyo.

Daktari, ulitueleza siku ile kwamba ugonjwa wenyewe huleta huzuni, na dawa nayo huweza kuileta, na kwamba hukuweza kuapa ni ipi kati ya hizo mbili iliyomshika. Ulichoweza ni kuipunguza dawa hatua kwa hatua, kumleta mtaalamu wa afya ya akili, na kutuambia asiachwe peke yake. Nilipenda kwamba hukujifanya unajua. Ndugu zake wakapanga zamu. Mkasi niliuhamishia kwa wifi yangu, umefungwa kwenye taulo, na njia nzima niliubeba kifuani kama mtoto mchanga. Huo ndio mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kubeba.

Mikono ilirudi kucheza. Kwanza vidole, kisha bega. Na yeye hakunisemesha. Alizungumza na ndugu zake, alizungumza na mtaalamu, alizungumza hata na paka wa kinyozi. Mimi nilipewa mgongo. Nilimpikia, akala. Nilimfunga vifungo, akanyoosha shingo kama mtu anayenyolewa na adui. Baadaye hata kuvumilia kufungwa vifungo kukamshinda, nikamshonea mashati ya kuvaa kwa kichwa na suruali za lastiki, akazivaa, kimya. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Ni kweli, lakini hawasemi kitandani analala upande gani.

Harusi haikungoja. Gauni lilikatwa na Fundi Panga. Tungefanyaje? Alikuja na zile rula za mbao, aibu imemjaa usoni, akakata kwenye meza yetu, na mume wangu akakaa benchi la wateja akiwa anarukaruka mabega, akimtazama kila inchi. Fundi Panga alipomaliza shingo ya gauni akalinyanyua. Tukasubiri. Mume wangu akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akasema, "Shingo hii umeikata wewe au imeliwa na mbuzi?"

Ndugu wageni waalikwa, nimesikia mashairi katika maisha yangu, nimesikia mahubiri, nimesikia hotuba za waheshimiwa, samahani mgeni rasmi, lakini sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nilikimbilia nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikakaa chini na kulia. Nje niliwasikia wanabishana, kelele mpaka kwa kinyozi, na mume wangu anadai apewe chaki mwenyewe, na chaki inaruka inaangukia kule. Alikuwa amerudi. Amerudi na mwili unaocheza, na mikono isiyokata tena hata pindo la leso, lakini ni yeye aliyerudi.

Kanisani alimshika mtoto mkono, akamkanyaga gauni mara kadhaa, na watu wakatazama pembeni kwa adabu. Aliishi miaka mingine baada ya hapo, kwa kipimo kidogo cha dawa ile ile, miaka iliyowaondolea Daktari na Muuguzi usingizi, wakiongeza kidogo miondoko ilipomwangusha, wakipunguza kidogo moyo ulipozama. Alikaa benchi la wateja akiwatukana mafundi wote wa mji. Mwishowe ugonjwa ukafika kooni, chakula kikawa kinapotea njia, kifua kikajaa, na akafariki wodi ya juu hapa hapa, mkono wake mkononi mwangu. Hata usingizini ulikuwa ukicheza, mpaka ulipoacha.

Mtataka kujua kama alinisamehe. Watu hupenda kusikia kwamba alinisamehe. Sitawadanganya mbele ya wageni. Tulirudi kuzungumza, tulicheka, tulilala tumetazamana. Lakini neno lenyewe, kwamba siku ile nilifanya vema, hakulisema. Gauni lile lilimuuma mpaka mwisho. Kila alipoona picha ya harusi ukutani aliitazama shingo, akanyamaza, nami nikajua ukimya ule ni wa nani. Nimeukubali. Lakini unaniuma, na leo mmenipa kipaza sauti, kwa hiyo nimesema kwamba unaniuma.

Sasa mheshimiwa mgeni rasmi, nikugeukie wewe kabla hujaangalia saa. Matokeo yanasema dawa ni salama endapo mgonjwa anafuatiliwa. Leo tunafunga ufuatiliaji. Kuanzia kesho dawa itatolewa dirishani kama dawa nyingine, na huyu mama anayejua kufunga mlango na kuuliza anakwenda kulima bustani yake. Nani atauliza? Mume wangu alipita vipimo vyote vya siku ile, vyote! Ulimi ulitulia, miguu ilinyooka, na alikuwa anaaga dunia. Naomba chumba kile kisigeuzwe stoo. Naomba anayemrithi Muuguzi wetu apewe muda wa kufunga mlango, na msindikizaji apewe kiti, hata kama ni kile kile cha chuma kinachoumiza. Na mgonjwa asiye na wa kumsindikiza, ambaye nyumbani kwake hakuna jicho la kuona amegawa koti, huyo naomba hospitali imtafutie mtu. Sijui mtaandikaje hilo kwenye taratibu zenu. Mna watu waliosomea kuandika.

Muuguzi, dada yangu, wengine watakupa zawadi zenye karatasi za kung'aa. Mimi nimekushonea gauni, na ole wako ulivae kwa kupiga deki. Umetuuliza swali lile kila tulipokuja, hata siku ulizokuwa umechoka, hata siku ulipofiwa na ndugu yako ukaja kazini macho mekundu. Tulikununia, tukakusengenya kituoni. Wengi walio hai katika ukumbi huu wako hai kwa sababu uliwasumbua. Nenda kapumzike, na mumeo akikujibu "mzima," mwache jamani, astarehe.

Nina jambo la mwisho, na mwenyewe ameniruhusu kulisema.

Mwanangu wa safu ya tatu mlimwona asubuhi akigawa ratiba. Walio na macho ya kliniki walitazama vidole vyake, wakatazama pembeni kwa adabu, nami niliwaona. Ndiyo. Nusu kwa nusu ilituangukia. Wiki hii ameandikiwa dawa ile ile ya baba yake.

Juzi alikuja dukani, akakaa, akasema anahitaji kumtaja msindikizaji. Nikamwambia ana mume mwema, amtaje mume wake. Akasema hapana. Nikamwambia ana mashoga, ana walimu wenzake, watu waliosoma. Akasema hapana. Basi nikamwambia lile lililonikaa kooni miaka yote, "Mwanangu, unajua nilivyomfanyia baba yako. Ukija kuniomba ninyamaze, sitanyamaza. Utanichukia."

Akanishika mikono, vidole vyake vikigonga juu ya vyangu, akasema, "Najua, mama. Siku hiyo nitakuomba unyamaze, tena nitakuomba vibaya sana. Ndiyo maana nimekuchagua wewe."

Kliniki yetu ya kwanza ni Jumatatu asubuhi, na tutafika wawili. Nawashukuru wote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu.